Betri Ina Wenyewe

Ilikuwa saa moja jioni, mvua imekatika, na foleni ya barabara ya Jinja imeganda kuanzia Banda hadi Kireka. Nilikuwa ninakwenda msibani Lugazi. Taksi niliyopanda ilikaa mahali pamoja hadi konda akazima redio na kuanza kupanga noti zake, nami nikaamua kushuka nitafute bodaboda.

Kando ya barabara palikuwa na kituo cha petroli, na katika kona yake ya nyuma lilisimama kabati refu la chuma lenye milango midogo, la kubadilishia betri za pikipiki. Kijana mmoja alikuwa amefika hapo. Aliinua kiti cha pikipiki, akachomoa waya mnene, akashika mpini wa betri na kuivuta nje kwa mkono mmoja, bega likishuka kwa uzito wake. Akaisukuma ndani ya mlango mmoja wa kabati, mlango mwingine ukafunguka wenyewe ukiwa na taa ya kijani, akatoa iliyojaa, akaipachika, akafunga kiti. Simu yake ikalia ujumbe wa malipo. Gari lililokuwa limetangulia kufika kwenye pampu ya petroli lilikuwa bado linasubiri mhudumu.

Alikuwa kijana wa Arua, kwa hiyo tangu salamu tulizungumza Kiswahili. Nilipomtajia Lugazi alitikisa kichwa.

"Mukono nitakufikisha, mama. Lugazi sitaweza."

"Kwa nini, na betri ndiyo kwanza umebadilisha?"

"Kwenda itafika. Kurudi ndiko kuna shida, kwa sababu kule kampuni yetu haina kabati. Pikipiki ni yangu, deni limebaki kidogo tu. Lakini betri ina wenyewe."

Nilifika Lugazi kwa pikipiki ya petroli na taksi nyingine, watu wakiwa wameanza kutawanyika.

Maneno yake ya mwisho yamenikaa kichwani wiki nyingi sasa.

Maji kwenye bomba la moshi

Yangeweza kupita kama maneno mengine ya barabarani, lakini Jumapili iliyofuata mpwa wangu alinitembelea. Ni mtoto wa kaka yangu, anasomea ufundi wa magari mwaka wa pili katika chuo kimoja mjini Jinja, na swali lake lilikuwa la mtu anayetafuta riziki ya miaka 40 ijayo. "Shangazi, injini hizi za petroli ninazofundishwa zitakuwapo nikimaliza kusoma? Na kama zitaondoka, zitaondolewa na betri au na haidrojeni?"

Yeye mwenyewe alikuwa upande wa haidrojeni. Alikuwa ameona kwenye simu video ya gari linalotoa maji tu kwenye bomba la moshi, na kwa kijana aliyekulia Kampala, ambako asubuhi ya kiangazi moshi wa magari na wa taka zinazochomwa hutanda juu ya mabonde, picha hiyo ina nguvu sana. Sikutaka kumjibu kwa haraka. Haidrojeni ina hoja nzito: tangi hujazwa kwa dakika chache kama petroli, na gari kama Toyota Mirai, lililoanza kuuzwa Japani Desemba 2014, linaweza kwenda zaidi ya kilomita 500 bila kusimama.

Tukachukua karatasi tukapiga hesabu, kwa yuniti zilezile tunazonunua kila mwezi kwa Yaka, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla.

Kupata kilo 1 ya haidrojeni kutoka kwenye maji kunahitaji yuniti 50 hadi 55 za umeme. Gesi hiyo haina budi kushindiliwa ndani ya mtungi kwa shinikizo la baa 700, yaani mara 700 hivi ya shinikizo la hewa inayotuzunguka, na kazi hiyo nayo inakula umeme. Ndani ya gari, haidrojeni hugeuzwa tena kuwa umeme katika seli ya fueli, na karibu nusu ya nguvu yake hupotea kama joto. Mwisho wa safari hiyo yote, kilo 1 hulisukuma gari la ukubwa wa Mirai kwa kilomita 100 hivi. Gari la betri la ukubwa unaokaribiana nalo hutumia yuniti 18 hadi 20 kwa mwendo huohuo, ukiuchukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye nyaya.

Kwa hiyo, umeme unaotembeza gari 1 la haidrojeni ungetembeza magari ya betri yapatayo 3. Tofauti hii inatokana na jinsi nguvu inavyobadilishwa umbo mara kadhaa kabla ya kufika kwenye gurudumu, na kila badiliko lina hasara yake. Wahandisi wanaweza kuipunguza hasara hiyo lakini hawawezi kuifuta.

Mpwa wangu aliuliza kama haidrojeni haiwezi kupatikana kwa njia nyingine. Inaweza, na kwa kweli sehemu kubwa ya haidrojeni inayotumika duniani leo hutengenezwa kutokana na gesi asilia, na hewa ya ukaa hutoka kwa wingi katika kuitengeneza. Maji yale safi yanayodondoka kwenye bomba la moshi yanaficha moshi uliobaki kiwandani. Hata wenye mitaji mikubwa wamesita: mwaka 2024 Shell ilifunga vituo vyake vya kujazia magari madogo haidrojeni huko California, mahali palipokuwa na wateja wengi wa gesi hiyo kuliko sehemu nyingine yoyote ya Marekani.

Nguvu iliyobaki kwa haidrojeni ni ule wepesi wa kujaza kwa dakika chache. Hapo ndipo nilipomkumbuka yule kijana wa Arua. Alikuwa ameshapachika betri iliyojaa kabla petroli haijaanza kumiminika kwenye gari la jirani yake. Hoja kuu ya haidrojeni, kwa chombo kinachobeba watu wengi katika miji yetu, imekwisha jibiwa na kabati la chuma.

Sisemi kwamba haidrojeni haina kazi. Mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni, kama urea, haitengenezwi bila amonia, na amonia haipatikani bila haidrojeni. Nchi inayoagiza mbolea yake kutoka nje kama yetu ina sababu nzuri ya kuitengeneza kwa umeme wa mto wake. Ningependa kuiona haidrojeni ikiishia shambani kabla ya kufikiriwa barabarani.

Mto haulali

Umeme wenyewe tunao. Hili ndilo jambo ambalo watu wengi hawaliamini ninapolisema, kwa sababu taa zao huzimika mara kwa mara. Bwawa la Nalubaale limekuwa likizalisha umeme pale Jinja tangu mwaka 1954. Bujagali iliongeza megawati 250 mwaka 2012, Isimba megawati 183 mwaka 2019, na Karuma, yenye uwezo wa megawati 600, ilizinduliwa rasmi Septemba 2024. Ukijumlisha na mitambo midogo, uwezo wa nchi umevuka megawati 2,000, nayo mahitaji yetu hayajafika huko.

Taa huzimika kwa sababu ya nguzo zilizooza, transfoma zilizozidiwa na nyaya za mtaani zilizowekwa zamani kwa ajili ya nyumba chache. Tangu Aprili 2025 usambazaji umerudi mikononi mwa shirika la serikali, UEDCL, baada ya mkataba wa miaka 20 wa kampuni iliyoitwa Umeme kumalizika, na nyaya zilizokuwa mbovu mwezi Machi hazikupona kwa kubadilisha jina la mwenye nazo.

Hata hivyo, saa nane usiku, viwanda vingi vikiwa vimepunguza kazi na majiko yamezimwa, Nile inaendelea kushuka. Maji yanayopita wakati huo bila kuzungusha mtambo hayarudi. Viwanda vyetu vimewekewa bei inayopungua usiku wa manane, lakini mwenye nyumba hulipa bei ileile mchana na usiku, na kwa hiyo hana sababu ya kusubiri usiku ndipo achaji chochote. Ikiwa kuna badiliko moja la bei ambalo lingevuta magari ya umeme barabarani kwa gharama ndogo, naona ni hilo.

Linganisha na petroli. Kila lita tunayochoma imetoka ng'ambo, na nyingi zimepita Mombasa, zimevuka Kenya, zimeingia Malaba au Busia. Januari 2022 madereva wa malori waligoma mpakani kwa sababu ya malipo ya vipimo vya korona, na ndani ya siku chache lita moja ilivuka shilingi 10,000 katika baadhi ya vituo. Waliokuwa Uganda wakati ule hawahitaji kuelezwa zaidi. Mto hauwezi kugomea mpakani.

Magari ya 2035 yameshauzwa

Kwa hesabu hizi, mtu angetarajia niseme kwamba petroli inaondoka. Nami nilielekea huko, hadi nilipojiuliza magari yetu yanatoka wapi.

Norwei, nchi nyingine inayoishi kwa umeme wa maji, mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya kila 10 mapya yaliyosajiliwa yalikuwa ya umeme. Lakini Mnorwei hununua gari jipya. Mganda hununua gari ambalo Mjapani amelichoka. Premio, Noah, Wish na HiAce zinazojaa Kampala ziliamuliwa na mnunuzi wa Nagoya au Osaka miaka 8, 10 au 14 iliyopita, kwa kufuata bei, kodi na mapenzi ya kwake. Sheria yetu ya mwaka 2018 ilizuia kuingiza magari yaliyozidi miaka 15, na ndani ya ukomo huo tunachukua kilichopo.

Kilichopo hutegemea Japani inanunua nini leo. Na Japani, kwa sifa zake zote za ufundi, imekuwa nzito kuyakubali magari ya betri: mwaka 2024 hayakufika asilimia 3 ya magari mapya yaliyouzwa huko. Wajapani wananunua haibridi, gari lenye injini ya petroli na betri ndogo ya kuisaidia. Maana yake ni kwamba meli zitakazotia nanga Mombasa mwaka 2035 zitakuwa na shehena ya haibridi na petroli, na hakuna hotuba ya waziri yeyote wa Kampala itakayobadilisha magari ambayo yameshauzwa Nagoya.

Kuna wanaosema tufanye kama Ethiopia, iliyotangaza mwaka 2024 kuzuia uingizaji wa magari ya abiria ya petroli na dizeli, au kama Rwanda, ambako tangu Januari 2025 pikipiki mpya za biashara zinazosajiliwa Kigali sharti ziwe za umeme. Ninawaheshimu kwa uthubutu huo. Lakini Waethiopia na Wanyarwanda huendesha upande wa kulia wa barabara, kama Wachina. Gari la umeme lililotumika China, na yapo mengi na ya bei nafuu, linaweza kwenda Addis Ababa kama lilivyo. Sisi tunaendesha kushoto, usukani wetu uko kulia, na soko hilo kubwa la mitumba ya umeme limefungwa kwetu na urithi wa Waingereza.

Jambo dogo kama upande wa usukani linaweza kutuchelewesha miaka 10.

Pikipiki haina upande. Usukani wake uko katikati, hununuliwa ikiwa mpya, na huchakaa upesi kwa sababu hufanya kazi tangu alfajiri hadi usiku, kwa hiyo mwenyewe hununua nyingine baada ya miaka michache. Basi la mjini nalo lina njia yake inayojulikana na mahali pake pa kulala, kwa hiyo linaweza kuchajiwa usiku kwa utaratibu. Mabasi ya Kayoola yanayoundwa na Kiira Motors, ambayo kiwanda chake kiko Jinja, yanaingia hapo. Mabadiliko kwetu yataanzia kwa anayepanda boda na basi, na mwenye gari lake binafsi atafuata nyuma kwa miaka mingi. Katika nchi zilizotutangulia ilikuwa kinyume chake: tajiri alianza, maskini akasubiri.

Siku moja Kisekka

Nilimpeleka mpwa wangu Kisekka, soko la vipuri vya magari mjini Kampala, kwa fundi ambaye familia yetu imemwamini kwa miaka mingi, tunamwita Hajji. Nilitaka amsikie mtu ambaye chakula chake kinatoka kwenye injini.

Tulimkuta ameinama juu ya kitu ambacho sikukitarajia. Juu ya benchi lake, kwenye kipande cha boksi, palikuwa na betri ya Prius imefunguliwa. Ndani yake mna vipande 28 vyembamba, vimesimama kwa safu kama vitabu kwenye rafu, vimeunganishwa kwa bamba za shaba zilizoota ukungu wa kijani. Hajji alikuwa na mita ya umeme, akigusa kipande kimoja kimoja kwa sindano zake mbili, na kijana wake akiandika namba kwa chaki pembeni ya kila kipande. Karibu vyote vilisoma zaidi ya volti 7. Viwili vilikuwa chini sana. Alivitoa hivyo viwili, akavibadilisha kwa vingine kutoka kwenye betri ya gari lililopata ajali, kisha akazisugua zile bamba kwa msasa hadi zikang'aa.

"Mwenye gari aliambiwa anunue betri nzima," alisema bila kuinua macho. "Betri nzima ni nusu ya bei ya gari lake. Mimi nimempa maisha ya mwaka mmoja, labda miwili, kwa vipande viwili."

Nilimuuliza kama haogopi siku ambayo injini zitaisha.

"Dada yangu, injini ukiisikiliza inakwambia inaumwa wapi. Harufu ya mafuta inakwambia. Moshi unakwambia. Betri inanyamaza. Inakwambia kitu kimoja tu, namba, na ukiwa huna mita huna sikio. Hilo ndilo la kujifunza. Kuogopa hapana."

Kisha akasema jambo lililonishughulisha njia nzima ya kurudi. Gari la petroli la miaka 14, alisema, yeye anajua litaishi. Lina maradhi, lakini yana dawa, na dawa iko hapahapa sokoni. Gari la betri la miaka 14 ni mgeni. Nissan Leaf, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 2010, ina vijiti 12 kwenye dashibodi vya kuonyesha afya ya betri. Gari likiwa limebaki na vijiti 7, mwili wake mzuri na viti vyake safi havimsaidii mnunuzi wa Kampala, kwa sababu hatafika Masaka. Mjapani anaweza kuliuza kwa bei ya kutupa, na sisi tukaona tumepata bahati, kumbe tumeagiziwa taka.

Hatari hiyo ni ya kweli, na ningependa iandikiwe kanuni kabla magari hayo hayajaanza kumiminika. Tunapima miaka ya gari bandarini. Kwa gari la umeme miaka pekee haitoshi, na inafaa kipimo cha betri kiwe sharti la kuingia nchini, hati yake ikionyeshwa kwa mnunuzi.

Hajji, hata hivyo, alinifundisha pia kwamba ufundi wetu hautakufa pamoja na petroli. Mtu anayeweza kuifungua betri iliyokusudiwa isifunguliwe, akatafuta kipande kibovu na kukirejesha chombo barabarani, hana haja ya kuonewa huruma. Mpwa wangu alikaa kimya kutwa nzima, na tulipokuwa tunatoka aliomba aruhusiwe kurudi wakati wa likizo.

Na mafuta ya Hoima?

Siwezi kuandika haya yote nikaliruka ziwa Albert. Mafuta yaligunduliwa kule mwaka 2006 kwa kiasi cha kufaa biashara, bomba la kilomita 1,443 limepangwa kuyafikisha Chongoleani karibu na Tanga, tena likipashwa joto njia nzima kwa sababu mafuta yetu ni mazito na huganda yakipoa, na kiwanda cha kusafisha mapipa 60,000 kwa siku kimekusudiwa kujengwa Kabaale, Hoima. Je, nchi inayojiandaa kuwa na petroli yake yenyewe ina sababu ya kuikimbia petroli?

Hapa nina shaka ambayo haijaisha. Yanayopita kwenye bomba yatauzwa ulimwenguni, na bei yake haitapungua kwa sababu Kampala imehamia kwenye betri. Lakini kiwanda cha kusafisha kitahitaji wanunuzi wa karibu, na serikali itakayokuwa imetia fedha zake humo, huku ikikusanya ushuru kwa kila lita inayouzwa, haitakuwa na haraka ya kuwaona waendesha boda wakiacha pampu. Nchi moja haiwezi kwa muda mrefu kuwaahidi wenye kiwanda wateja na wakati huohuo kuwaahidi wananchi pikipiki zisizo na moshi. Bado sijasikia mtu mwenye mamlaka akizungumza ahadi hizi mbili katika kikao kimoja.

Kabati la nani

Sasa narudi kwenye jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote, na ambalo katika mijadala yetu juu ya petroli, umeme na haidrojeni halitajwi kabisa.

Petroli ina uhuru fulani ambao tumeuzoea mno hata hatuuoni. Mwendesha boda akiishiwa mafuta Kireka hujaza kwa yeyote. Akiishiwa kijijini Kayunga, kuna mama kando ya barabara mwenye chupa za soda zilizojaa petroli juu ya meza. Tangi halimuulizi ameinunua wapi. Ni mafuta ghali na machafu, na pengine yamechanganywa na mafuta ya taa, lakini hayana mwenyewe baada ya kulipwa.

Betri ya kubadilishana ni jambo jingine. Kila kampuni imekuja na umbo lake, plagi yake na kabati lake, na betri ya moja haiingii kwenye pikipiki ya nyingine. Betri hiyo ina kifaa cha mawasiliano ndani yake kinachoiambia kampuni iko wapi na imetumika kiasi gani. Mwendesha boda hanunui betri. Anakodi haki ya kuitumia, kwa bei ambayo kampuni imepanga, mahali ambapo kampuni imeweka kabati. Bei ikipanda, hana pampu ya jirani ya kukimbilia. Kampuni ikifilisika au ikiondoka nchini, pikipiki aliyoilipia kwa jasho la miaka inabaki chuma kilichosimama.

Nataka nizitendee haki kampuni hizi. Betri ndiyo sehemu ghali kuliko zote za pikipiki ya umeme, na kama mwendesha boda angelazimika kuinunua, wengi wasingeanza kabisa. Kwa kuikodi, hasara ya betri kuchoka inabebwa na kampuni. Wengi wa vijana hawa wanalala kwenye chumba kimoja cha kupanga, Yaka moja kwa wapangaji wote, na hakuna mwenye nyumba atakayekubali pikipiki ichajiwe usiku kucha kwa yuniti za watu wengine. Bila makabati, umeme wa Karuma usingewafikia. Kijana wa Arua aliniambia mwenyewe, tukiwa bado pale kituoni, kwamba fedha inayombakia jioni sasa ni nyingi kuliko wakati wa petroli, na kwamba mgongo haumuumi kama zamani kwa sababu injini haimtetemeshi.

Kwa hiyo simwambii mtu asiihame petroli. Ninachotaka ni kwamba kuhama kwenyewe kusiwe kuuza uhuru.

Njia ipo, na imepitiwa kwingine kwa chombo kidogo zaidi. Umoja wa Ulaya uliwalazimisha watengenezaji wa simu kutumia plagi ya namna moja ya kuchajia, na tangu Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa huko zinatii. Kampuni kubwa kabisa duniani zililalamika kwa miaka, na mwishowe zikafuata. Shirika letu la Viwango, UNBS, hutuwekea viwango vya nondo na magodoro. Linaweza kuweka kiwango cha umbo la betri ya pikipiki, plagi yake na lugha ambayo betri huzungumza na kabati, ili betri ya yeyote ijazwe kwa yeyote. Kazi hiyo ni rahisi leo, wakati pikipiki za umeme zingali chache mbele ya bahari ya pikipiki za petroli. Baada ya miaka michache, kampuni moja au mbili zikiwa zimesambaza makabati yao hadi Mbarara na Gulu, kila moja itakuwa na maelfu ya sababu za kukataa.

Na mikataba iandikwe kwa lugha ambayo anayeweka sahihi anaielewa. Nimeonyeshwa mmoja, wa mwendesha boda mwingine wa steji ya karibu na nyumbani. Kurasa kadhaa za Kiingereza cha wanasheria, na kifungu kinachoeleza kwamba kampuni inaweza kuizima betri malipo yakichelewa kilikuwa kimejificha ukurasa wa tatu. Nilipomsomea kwa Kiswahili aliniomba nirudie mara ya pili, kisha akaikunja karatasi taratibu na kuirudisha ndani ya koti. Baraza la Mawaziri lilikubali mwaka 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi ya nchi. Mikataba ya aina hii ndiyo mahali pa kuanzia.

Mpwa wangu anaanza likizo mwezi ujao. Ameshakubaliana na Hajji kwamba atakuwa akifika Kisekka kila asubuhi, atajinunulia mita yake mwenyewe, na hatalipwa chochote hadi aweze kutambua kipande kibovu bila kusaidiwa. Kaka yangu hajafurahi, kwa sababu amelipa karo ya injini za dizeli na bado anaamini malori ya Malaba yatahitaji mafundi kwa miaka mingi. Kuhusu malori nakubaliana naye. Nimemwomba tu amruhusu kijana ajifunze vyote viwili, na amechukua siku chache za kufikiri.

Barua yangu kwa UNBS nimeshaianza. Wenye pikipiki za umeme mnaosoma hapa, niandikieni: betri yenu ni ya kampuni ya namna gani, kabati la mwisho liko umbali gani kutoka nyumbani kwenu, na mkataba unasema nini kampuni ikifunga milango. Nitayaambatanisha majibu yenu bila majina.